Bi Verlene na Damu Iliyosubiri Mazungumzo

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja, Bi Verlene Tuggle anavua koti jeupe katika maabara yetu ya hapa Mississippi. Nimekaa meza ya pili kutoka kwake miaka ishirini na miwili, kwa hiyo nikisema ni king'ang'anizi, ninao ushahidi.

Kazi yake ilikuwa kupima msongo oksidishaji kwa watu wenye shinikizo la damu, yaani uharibifu unaoula mwili polepole kama kutu inavyokula bati. Wagonjwa aliwatoa damu makanisani, Jumamosi. Wenye afya wa kulinganisha nao tulikuwa sisi wafanyakazi, hapahapa maabara.

Mwaka 2006 matokeo yalipendeza mno. Damu ya wagonjwa ilionyesha uharibifu mara tatu ya wetu, na Daktari Pruitt, mkuu wetu, alikuwa tayari kuyachapisha. Ndipo Bi Verlene akaona kwamba Jumamosi moja ya mvua, watu walipowahi kurudi makwao, vipimo vilishuka. Kumbe damu isipowekwa kwenye barafu upesi huharibika ndani ya kichupa. Yetu iliwahi barafu. Ya kanisani ilimsubiri Mzee Otis Crenshaw, mmoja wa wagonjwa, amalize habari za trekta lake lililosombwa na mafuriko, maana Bi Verlene kwao hakufundishwa kumpa kisogo mzee anayezungumza.

Hakuna mwingine aliyejua. Angenyamaza, yangepita. Jumatatu asubuhi alimwambia daktari, "Kosa ni langu. Vipimo vya miaka mitatu yote tuvitupe." Nilijua kazi hana tena. Daktari akauliza barafu kiasi gani itahitajika.

Akawazungukia watu sitini na mmoja, akakiri, akaomba damu upya. Wakamtania, "Verlene, siku hizi umeolewa na barafu?" Lakini walirudi wote. Tofauti ikapungua, uharibifu wao ukazidi wetu kwa thuluthi moja tu, ila hiyo ni ya kweli, na hadi leo inasimama.

Siku ya kurudia damu alimkatiza Mzee Crenshaw katikati ya habari za trekta, akakimbia na kichupa, akaahidi kurudi. Mzee alifariki Alhamisi iliyofuata, kabla hajarudi. Jambo hilo limemuuma miaka yote, hata kwa mjane wake hakuthubutu kuuliza trekta liliishia wapi.

Bi Verlene, asante kwa ukweli wako, na uishi kwa raha zako. Mjane huyo, Bi Ozella Crenshaw, ametuma salamu: Jumamosi anakaanga kambare, na anajua trekta lilikopatikana. Nenda, kaa, umsikilize mpaka mwisho. Hakuna damu inayosubiri.