Asiyegeuka Hanywi

Kijiwe chetu kiko Tunduma, nyuma ya maegesho ya malori: mabenchi mawili yanayotazama barabara, na nyuma yake meza ya kahawa. Kahawa nauza mimi, Fausta. Wateja wangu wana tabia moja inayonikera, wanaagiza bila kugeuka. Mtu kanipa mgongo, macho kwenye foleni ya malori, anapaza sauti tu, "Fausta, moja!", na mimi nikamtie kikombe mkononi. Nimevumilia miaka. Ila Jumatatu ile ya baridi nilimleta binti yangu Recho amimine badala yangu, na Recho hasikii tangu alipougua homa utotoni.

Shule moja kule Mbozi imemkubali. Ni ya Montesori, ya vijana, wanaosikia na wasiosikia darasa moja. Sharti lao, kila anayeingia afanye kwanza kazi ya kweli wiki nzima katikati ya watu, kisha akawasimulie wenzake. Sharti la pili lilikuwa la shemeji yangu Ezron, kaka wa marehemu mume wangu, ambaye bila neno lake binti haondoki. Alisema: "Siku nikimwona anaelewana na mtu mwingine, si mama yake tu, nitakubali." Kijiweni tunamwita Mzani, maana kila jambo lazima alipime kwanza, na akianza kupima hamalizi.

Asubuhi hiyo alikuwepo, pamoja na Clement tunayemwita Diwani kwa kuwa aligombea akakosa, na Gwakisa, dereva mstaafu wa malori ya Kongo.

— Montesori si chekechea? Diwani akaanza. Binti wa miaka kumi na tano unamrudisha kwenye bembea?

Nikamweleza kuwa hii ni ya wakubwa. Wanalima kahawa wenyewe, wanapika, wanaendesha kiduka chao, masomo wanayatoa humo humo, na kengele hakuna. Nilikosea kutaja kulima.

— Aa, sasa nimewashtukia, Diwani akadakia. Wanataka wachumaji wa bure. Sisi watu wa Mbozi tumeuza kahawa ili mtoto asishike jembe, wao wanapokea ada ili alishike. Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima.

Gwakisa akamwambia hajui lolote. Yeye shule ya namna hiyo aliiona Zambia kwa macho yake. Asiyeona anajifunza kwa kushika, asiyesikia kwa kutazama, mwenye miguu anakimbia kuuliza, na siku ya mtihani wanaunganishwa.

— Watu watatu, cheti kimoja, akasema. Na kazi wakipata, ni kiti kimoja.

Diwani akaona hiyo ndogo. Vijana wanaojipangia ratiba leo, alisema, kesho watajipangia mahari, na keshokutwa watapiga kura halmashauri nzima itoke. Sijui kwa nini hilo lilimuuma, wakati halmashauri yenyewe haikumtaka.

Mzani alikuwa bado anapima. Kisha akatoa lake taratibu, mgongo kwangu:

— Shemeji, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu huko atamsikia mkuu gani?

Iliniuma. Methali hiyo ni ya wakaidi, na mwanangu si mkaidi. Mkaidi alikuwa amekaa mbele yangu. Yalinijia maneno ambayo kanisani hayasemwi. Nikayameza, nikakaa juu ya ndoo yangu, nikakunja mikono.

— Moja, Gwakisa akaagiza.

Hakikuja kitu. Recho alikuwa anapanga vikombe.

— Fausta, moja nimesema.

— Leo simimini mimi.

Gwakisa akageuka, na Diwani naye. Recho alipoona nyuso akatabasamu, akainua kikombe, akauliza kwa mkono: vidole mdomoni, kisha kiganja kikafunguka. Ni alama yetu ya nyumbani, swali jepesi kabisa. Gwakisa anayezijua shule zote za Zambia akabaki anamtazama. Recho akarudia, polepole zaidi.

— Anasemaje? Diwani akaniuliza.

— Kwani kaniuliza mimi?

Mabishano yakaishia hapo. Watu waliokuwa na majibu ya shule nzima hawakuwa na jibu la kikombe kimoja.

Recho hakuwasubiri. Akafungua kopo la tangawizi, akalipeleka puani kwa Gwakisa, akarudia ile alama: nitie? Gwakisa akacheka, akafungua kiganja vilevile, akapata chake cha tangawizi. Diwani akatikisa kichwa, akapata kahawa tupu. Kila dereva aliyefika baada ya hapo alifundishwa, na mwalimu akawa Gwakisa, anatangaza kwamba hapa asiyegeuka hanywi.

Mzani alikaza mgongo. Baridi ikazidi, birika likawa jepesi, na mimi nikaendelea kukaa juu ya ndoo yangu. Ningekaa hapo mpaka giza. Mwishowe akageuka mwili mzima, akamtazama mtoto wa mdogo wake usoni. Akaweka vidole mdomoni, akafungua kiganja.

Recho akainamisha birika mpaka tone la mwisho. Kikombe kilijaa nusu tu. Akanyunyiza tangawizi, akapiga goti kidogo, akampa kwa mikono miwili. Mzani akanywa mpaka machicha.

— Hiyo shule wanafungua lini? akaniuliza.

— Muulize mwenyewe, shemeji.

Akamgeukia Recho, akaweka kikombe chini ili mikono yote miwili iwe wazi.