Barua Moja katika Faili la Bi Mizani

Leo Ijumaa, tarehe 30 Juni, fundi wa magurudumu anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa katika karakana ya pikipiki za kusambaza dawa. Wenzake wanamwita Bi Mizani. Mimi namwita shangazi, na nimeombwa niandike maneno haya ya kumuaga kwa sababu naishi kwake, na kazi yake nyingi aliifanyia sebuleni.

Karakana ina upepo, na gurudumu linalosawazishwa halitaki hata pumzi. Kwa hiyo magurudumu aliyabeba nyumbani. Alipitisha ekseli katikati, akaiegesha juu ya migongo ya viti viwili, akalisukuma gurudumu kwa kidole na kungoja. Upande mzito ulishuka. Juu, mkabala nao, alibandika kijipande cha chuma cha gramu tano chenye gundi nyuma. Feni ilizimwa. Kupiga chafya kulihitaji kibali. Mumewe, aliyekula wima miaka yote hiyo, alilalamika kwamba humu ndani magurudumu yana viti kumshinda yeye. Aliambiwa naye azunguke kwanza, aonekane anaelemea wapi.

Faili lake lina barua moja tu ya malalamiko. Miaka miwili iliyopita gurudumu la mbele lilitetemeka hata mwendeshaji akarudi na mikono iliyokufa ganzi, na bado akapata nguvu ya kuandika kurasa mbili. Bi Mizani aliomba radhi kwa maandishi, akasema huenda macho yake yamechoka. Kwa malalamiko hayo akanyimwa cheti cha utumishi usio na dosari.

Macho yake hayakuwa na kosa lolote. Sketi yangu ya shule ilikuwa nyepesi, na upepo ulikuwa ukinidhalilisha mbele ya darasa zima. Boksi la vyuma lilikuwa limefungwa. Gurudumu lilikuwa limeegemea ukuta, tayari kwenda. Nilibandua vipande vinne nikavibandika kwenye pindo. Sketi ilitulia. Pikipiki ndiyo ikachachamaa. Nilimwona akiandika ile barua ya kuomba radhi mezani, nikajifanya nasoma jiografia.

Namwomba mkuu wa karakana aiondoe barua ile ya malalamiko, aweke ukurasa huu mahali pake, na cheti kitolewe leo hii hii, mbele ya watu.

Shangazi, ahsante kwa kila pikipiki iliyofika salama. Tunakuombea afya, miaka mingi na usingizi mnono wa mchana. Ukinitafuta baada ya haya kusomwa, nimekaa safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango.