Mkono wa Kushoto wa Bi Mvuke

Hili sijamwambia mtu: siku Bi Mvuke alipopatwa na shambulio la moyo, niliona mapema kwamba mambo si sawa, nikanyamaza dakika kumi nzima. Ijumaa hii, tarehe 28, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja kwenye chumba chetu cha pasi, nami nimepewa kazi ya kumsifu katika jarida letu la kazini.

Alianza kwa kukunja mashuka ya hospitali, akapanda hadi makoti ya madaktari. Shati hulimaliza kwa dakika tatu. Akikuta limebaki na kifungo kimoja, husema, "Huyu bwana kanuniwa nyumbani." Mimi alinifundisha kuanza na kola.

Hapa kwetu maumivu ya mkono yana jina, "mkono wa pasi", na dawa yake ni kopo la mafuta ya kuchua lililo juu ya kabati. Asubuhi ile Bi Mvuke aliweka pasi chini akashika mkono, jasho jembamba likimtoka. Msimamizi akacheka: "Shangazi, uzee huo! Mchueni, mashuka yanasubiri." Watu wakacheka. Nikamchua.

Nilikuwa nachua mkono wa kushoto. Bi Mvuke hupiga pasi kwa mkono wa kulia, na kila mtu mle ndani anajua. Niliona haya kuwasahihisha wakubwa. Aliponinong'oneza kwamba taya linauma na kifua ni kama kimekaliwa na mtu, ndipo nikaingia ofisini bila hodi, nikapiga simu ya dharura.

Hasira haijaniisha, na ya kwanza ni juu yangu. Kopo nimelitupa, anayelitafuta asisumbuke. Kifua kikibana, maumivu yakienda mkononi, mgongoni au tayani, jasho la baridi, kichefuchefu, pumzi kukatika: usimchue mtu, usimtembeze. Mkalishe, piga simu ya dharura saa hiyo hiyo, usimwache peke yake. Ikiwa ni gesi tu, tutacheka baadaye, naye akiwepo.

Bi Mvuke, asante kwa kola zote. Nenda ukapumzike, mashati ya watu wayanyooshe wenyewe.

Yeye huwasimulia watu kwamba nilikimbilia simu papo hapo. Jarida hili hatalisoma kabla ya Ijumaa, maana miwani yake iko kwa fundi. Nawaomba, msimwambie. Niachieni mimi, nitamwambia mwenyewe kabla keki haijakatwa.