Uji wa Jumamosi Kule Kinama

Ndugu zangu, amani ya Bwana ikae nyumbani mwenu. Swali lililoninyima usingizi siku zile lilikuwa dogo, na mtu mwingine angelijibu huku akifunga kamba za viatu: nimpeleke mtoto akaimbe na wenzake, au nisimpeleke?

Mtoto huyo ni Ariella, binti wa marehemu dada yangu Consolate. Vita ilipokuwa kali, dada na mumewe waliuawa nyumbani kwao, mtaa wa Kinama. Ariella siku hiyo alikuwa kwangu. Waliokuja walikwenda moja kwa moja kwenye mlango wao, hawakugonga mwingine, kwa hiyo tulijua kwamba kuna mtu wa mtaa aliyewaonyesha. Ni nani, hatukujua. Mimi nilikuwa nimetoka tu chuo kikuu, diploma ikiwa sandukuni, kazi hakuna, nikifundisha hesabu watoto wa watu majumbani mwao. Nikamchukua Ariella, tukakaa Gihosha, mtaa wa kilimani, katika chumba cha uani.

Mtoto alikuwa hachezi. Alikaa kizingitini, akiimba polepole, kisha akinyamaza katikati ya wimbo. Siku moja aliniambia mimi mjomba wake, “Tonton, mi nataka kuimba na wengine. Peke yangu sauti yangu inaniogopesha.”

Nikaanza kutafuta. Klabu ya dansi ya mjini ilitaka malipo ya miezi kadhaa mbele, na viatu vya kuchezea ambavyo sijui hata vinauzwa wapi. Skauti walikuwa wamesimama tangu mkuu wao akimbilie nje ya nchi. Mpira ulikuwa wa wavulana. Kwaya ya kanisa la jirani ilidai sare ya kitambaa kizuri; nilikwenda mpaka mlangoni pa duka nikarudi bila kuuliza bei. Na ndugu zangu, hata pale nilipopata nafuu ya malipo, nilijitengenezea swali jipya. Risasi zikilia wakati wa mazoezi, nani atamshika mkono? Couvre-feu, ile amri ya kutotoka usiku, ikiwahi, atalala wapi?

Ilibaki kwaya moja, korali kama tunavyoiita, na nilijua tangu mwanzo kwamba ipo. Ilikuwa korali ya watoto ya Kinama, ile tuliyokulia mimi na Consolate. Mabenchi ya mbao, bati linalopiga kelele mvua ikinyesha, ngoma ambayo ngozi yake ililegea ikabidi ipashwe motoni kwanza. Consolate alikuwa akianza wimbo kabla ya wote, kama mtu anayevuka mto mbele akiwaambia wengine maji hayana kina. Mazoezi yalikuwa kila Jumamosi, na niliitamani Jumamosi ile kuliko nilivyotamani kazi.

Pale hawakulipisha faranga. Kila nyumba, kwa zamu, ilipika uji wa watoto baada ya mazoezi, na aliyepika alikuja mwenyewe, akanywa kwanza mbele ya macho ya wote. Ni desturi yetu ya tangu zamani: mwenye kinywaji huonja kwanza, mgeni ajue hakuna sumu. Kabla ya vita ilikuwa adabu tu. Vitani ikawa sheria.

Tukaenda. Mama Espérance, kiongozi wa korali, aliyenifundisha hata mimi, alimshika Ariella kidevu. “Macho ya Consolate haya,” akasema. “Kuja, mwanangu, simama na wa sauti ya kwanza.”

Ariella akaimba, na hakunyamaza katikati ya wimbo. Lakini uji ulipogawiwa, nilimtazama mama aliyeshika upawa, nikawaza: labda ni mkono huu ulioonyesha mlango. Nikamtazama aliyemfuata, nikawaza vilevile. Njiani kurudi nikamwambia mtoto, “Wakikupa uji, sema umeshiba.”

Alitii. Kila Jumamosi alisema ameshiba, hata watoto wakampa jina. “We Nimeshiba, kuja turuke kamba!” Alicheka nao. Kisha tukipanda kilima cha Gihosha alijishika tumbo, na mimi nikajifanya sioni.

Zamu yetu ilipofika nikatuma pesa ndani ya bahasha, nyingi kuliko gharama ya sufuria nzima, nikidhani nimefanya heshima. Jumamosi hiyo Mama Espérance alinirudishia bahasha mbele ya wamama wote.

“Faranga haina mudomo, mwanangu. Itaonja namna gani?”

“Mama, mi ni mwanaume. Sijue kupikia watoto wengi hivi.”

“Ku université hawafundishe kukoroga?”

Wamama wakacheka, mmoja akajipiga paja. Mama Espérance hakucheka. Alinivuta kando.

“Unisikilize. Mutoto wako hanywe kwetu, na we hauonje mbele yetu. Wamama wanaona, ni vile tu wananyamaza. Jumamosi inayokuja lete sufuria. Ukishindwa, umubakize mutoto kwako Gihosha, na mi nitalia, lakini umubakize.”

Ndugu zangu, juma lile niliomba kama mtu anayedai. Nilisema, Bwana, nionyeshe jina tu. Nikimjua ni nani, hao wengine wote nitawaamini, nitakunywa uji wao. Niliomba nikifundisha hesabu, niliomba nikichota maji. Mungu hakunipa jina. Kilichokuja ni kumbukumbu ya Consolate akiwa na mwiko, akisaga karanga, akikamulia limau kwenye uji kwa sababu watoto, alisema, wanapenda kinachowashitua kidogo. Alipikia mtaa ule miaka mingi. Alionja mbele yao, nao wakaonja mbele yake. Nikaona kwamba kwa ajili ya jina moja nisilolijua nimeufunga mtaa mzima, na ndani ya mtaa huo nimemfungia dada yangu pia. Ni pale tu walipobaki watu wanaoikumbuka sauti yake.

Sikusikia ngurumo. Sikuanguka chini. Nilijikuta nimeshika mwiko.

Nilishuka Kinama na sufuria kichwani, nguo iliyokunjwa chini yake, Ariella akinifuata na vikombe. Vijana wa kwenye duka la baiskeli hawakuniacha nipite bure. “Mwalimu, umeolewa wapi?” Mwingine akajibu, “Muache bibi-arusi, atamwaga!” Nilitaka kurudi. Ariella alikuwa anacheka, cheko la mama yake, nikaendelea.

Mazoezi yalipoisha nilijaza kikombe, nikakiinua ili wote waone. Uji ukanimwagikia shatini. Nikanywa mpaka chini. Mama Espérance akanyoosha mkono wake, nikamjazia kikombe, akanywa, akafumba macho.

“Ni ya Consolate hii,” akasema. “Na limau yake.”

Mama mmoja aligeukia ukutani. Wazo langu la zamani likaja: mbona anageuka? Nikaliacha lipite, kama unavyompisha njiani mtu ambaye huna deni naye. Watoto wakapanga mstari, na Ariella akanywa pamoja nao.

Namshukuru Mungu kwa hilo, na ninamwambia ndugu anayesoma haya akingoja kujua kila kitu ndipo aamini: mimi sijajua mpaka leo. Bado kuna jioni ninapouliza. Bado nikisikia korali inaanza wimbo, ninangoja sauti iliyotangulia, na haiji. Lakini Bwana, aliyeninyima jina, alinirudishia Jumamosi. Mwamini hata ukiwa na swali lako mkononi. Hatakungoja ulimalize.

Nimebakiza jambo moja. Uji wangu mwenyewe haukuwa mtihani, maana niliupika mimi. Juma lililofuata ilikuwa zamu ya yule mama aliyegeukia ukutani. Alionja mbele yetu, akajaza kikombe, akampa Ariella. Mtoto alikipokea kwa mikono miwili, mvuke ukimpanda usoni, akanitafuta kwa macho mpaka akaniona mlangoni.

“Tonton,” akauliza, “leo nimeshiba?”

Wamama wote walisikia. Nikaenda nikaketi karibu naye kwenye benchi.

“Apana,” nikamwambia. “Una njaa. Kunywa.” Nikamgeukia yule mama, nikamwomba na mimi kikombe.