Pepo Wangu Aliyependa Biskuti

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Na ninyi mliokuja kwa sababu mmesikia leo kuna pilau, apewe sifa vile vile, kwa maana mimi zamani niliingia kanisani kwa njia mbaya kuliko hiyo.

Mnanijua kuwa ni Bi Mbodze, mzee wa kanisa, anayewakanya watoto wenu wanapotafuna miwa wakati wa sala. Hamnijui! Nilizaliwa hapa karibu na Kombani, na miaka ile tulipopata uhuru nilikuwa msichana wa darasa la nne ambaye hakuna mzazi aliyetaka mtoto wake akae naye dawati moja. Nilipiga wavulana. Nilipiga wasichana. Nilimpiga mbuzi wa mwalimu. Niliiba maembe nikamuuzia mwenye maembe! Nilidanganya hata pale ambapo ukweli ungenifaa zaidi. Baba alikuwa ameoa mke mwingine Msambweni akahamia huko, nami tangu siku aliyobeba sanduku lake nilikuwa na moto kifuani. Simsingizii mtu. Nasema tu ilivyokuwa: mkono wangu ulifika kabla ya akili yangu.

Mama alinichapa, akanibembeleza, akafunga na kuomba. Jirani yetu Bi Mwanasiti, Mwislamu mwema, alinisomea dua, nami nikamtoroka katikati ya dua nikiwa na kuku wake kwapani.

Sasa, kila Jumatatu shuleni tulipandisha bendera mpya ya taifa. Jumatatu moja afisa mkubwa kutoka Kwale alikuja kutukagua. Tukasimama wima, tukaimba, kamba ikavutwa, na iliyopanda juu ilikuwa suruali fupi ya mwalimu mkuu, ya kaki, yenye kiraka nyuma. Nilikuwa nimeianua alfajiri uani kwake, nikaikunja na kuifunga kambani mahali pa bendera. Yule afisa alikuwa ameshapiga saluti. Akabaki na mkono kichwani, hajui kama akiushusha atakuwa amevunja heshima. Upepo wa kusi ukaijaza suruali ile, ikapepea!

Nilifukuzwa shule siku hiyo hiyo. Nirudi nimebadilika, au nisirudi.

Mjomba wangu Ndoro, kaka yake mama, akakusanya jamaa. Akasema mtoto wa kike hawezi kufanya mambo hayo kwa akili yake mwenyewe. "Huyu ana pepo," akasema, "na apungwe." Mama akakataa, kwa maana alikuwa mwumini wa kanisa hili, na kanisa lilikataza ngoma za pepo. Lakini kwetu mjomba akinena, amenena. Mganga akaletwa nyumbani kwa mama, ngoma zikapigwa, nikafunikwa kanga, nikafukizwa ubani mpaka machozi yakanitoka. Kisha mganga akauliza kwa adabu sana, "Shikamoo, bwana mkubwa. Wewe ni nani, na wataka nini?"

Ndugu zangu, tangu nizaliwe hakuna mtu mzima aliyenipa shikamoo! Wala hakuna aliyeniuliza nataka nini! Nikatetemesha mabega kama nilivyoona wengine wakifanya, nikakoroma, nikasema kwa sauti nene, "Mimi ni pepo Mzungu. Nataka biskuti."

Zikaletwa. Nikataka chai katika kikombe chenye kisahani. Ikaletwa. Nikasema pepo wa cheo changu hachoti maji wala hatwangi. Jamaa wakaitikia, "Tumesikia, bwana." Miezi mitatu nilikaa mkekani nikila mkate kwa siagi, na kila nilipompiga mtoto wa watu, alilaumiwa pepo. Mjomba alikuwa akinipita ananivulia kofia. Nani mwenye akili kama mimi?

Lakini habari zikafika kanisani. Wazee wakamwita mama. Ngoma imepigwa nyumbani kwake, kwa hiyo akafungiwa Meza ya Bwana, akatolewa katika kwaya, akaambiwa akae benchi la nyuma pamoja na waliotengwa. Hakumtaja mjomba, wala hakunitaja mimi. Alisema tu, "Ni nyumba yangu."

Jumapili moja nilimfuata, biskuti mkononi, nikachungulia dirishani. Kwaya ilikuwa ikiimba, na mama pale nyuma aliimba sauti yake polepole ili asisikike, kati ya mlevi mmoja na bwana mmoja mwenye wake wawili. Mkate ukapitishwa. Ulipokaribia benchi lake, ukarudishwa mbele. Mama akainamisha kichwa. Ndugu zangu, biskuti ilinikwama kooni! Mimi nakula, mama yangu ananyimwa mkate wa Bwana, kwa ajili ya pepo ambaye hayupo!

Nikaingia mbio mpaka mbele nikapiga kelele, "Sina pepo! Ni mimi! Ni mimi mwenyewe!"

Mnadhani walifurahi? Mzee mmoja aliruka juu ya benchi. "Pepo anajificha!" Wakanizunguka, wakaniwekea mikono, wengine wakanishika miguu. "Toka!" Nikawaambia hakuna wa kutoka. "Sikieni alivyo mwongo!" Nikalia, wakasema analegea. Nikanyamaza, wakasema anajipanga upya. Shemasi alikuwa ananibana shingo, nikamuuma kidole, na hapo ushahidi ukakamilika! Siku zote nilidanganya nikaaminiwa, na siku niliyosema kweli hakuna aliyenisikia. Niliogopa, ndugu zangu. Niliona nitaishi hivyo mpaka kufa, lolote nitakalosema watasema ni pepo. Nikaomba kwa mara ya kwanza bila kuigiza: "Yesu, waambie ni mimi!"

Ndipo mama akainuka kule nyuma alikoamriwa akae. Akapenya katikati ya wazee, akanishika mashavu kwa mikono miwili, akanitazama machoni.

"Mbodze, nani aliyepandisha suruali ya mwalimu?"

"Ni mimi, mama."

"Na biskuti?"

"Ni mimi."

"Na kuku wa Bi Mwanasiti?"

"Ni mimi. Na jogoo wake."

"La jogoo nilikuwa silijui," mama akasema. Akawageukia wazee. "Baba zangu, huyu nimemzaa mimi. Akidanganya, namjua kwa macho. Leo hadanganyi. Mwacheni."

Wakaniacha. Ndugu zangu, hapo ndipo Bwana aliponifungua: pale mtu mmoja aliponiamini!

Sikuwa malaika kesho yake. Wiki ya pili nilimpiga mtoto wa shemasi, ila safari hii nilikwenda mwenyewe kusema ni mimi. Nilimfulia mwalimu mkuu nguo muhula mzima ndipo akanirudisha darasani. Mjomba hakukubali mpaka anaingia kaburini. Alisema pepo aliondoka kwa kuwa biskuti zilikwisha.

Wazee walimrudishia mama Meza ya Bwana siku ile ile, na mimi wakaniweka benchi la nyuma miezi mitatu. Haki yao! Jumapili iliyofuata nikaenda kukaa huko peke yangu, uso umenishuka. Kwaya ikasimama mbele, wakaacha nafasi ya mama, wakamngoja. Yeye akaja mpaka nyuma, akanisukuma nisogee, akaketi. Miezi mitatu yote aliimba kutoka pale pale, na sauti yake ilisikika mpaka barabarani.

Namshukuru Bwana kwa ajili ya mama huyo! Na wewe mwenye mtoto aliyekushinda, usimwachie mjomba, wala mganga, wala usituachie sisi wazee wa kanisa, maana mikono yetu ni mizito. Mwulize mwenyewe, kisha mtazame machoni wakati anajibu. Na wewe binti uliyesimama pale dirishani, ambaye asubuhi ya leo umemtobolea mwenzako mpira wa baiskeli, nimekuona tangu nilipoanza kusema. Yesu anakujua, na bado anakutaka. Ingia, mwanangu. Kaa pale nyuma, usogee kidogo. Nakuja kukaa nawe.