Ermes Tosolini na Kura ya Upande Huu wa Mto

Ninyi mnaonong'onezana kule nyuma kwamba Ermes alivusha mali kwa mdogo wake ng'ambo ya mto, nyamazeni kwanza, maana karatasi hii imeandikwa na dada yao Norma, aliyeishia darasa la tano lakini nyaraka za mahakama zote mbili amezisoma kwa miwani yake mwenyewe, na asiyeamini aje nyumbani azione.

Marehemu Ermes Tosolini alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Friuli, Italia, mtoto wa pili kati ya watatu, akafika hapa Windsor, Kanada, na wazazi wake Septemba 1958, akasoma shule ya parokia na kisha ya ufundi, aliyoimaliza mwaka 1969. Alijifunza kuchonga kalibu za chuma za kufinyangia vipuri vya magari, akafungua karakana yake mwaka 1979, na mdogo wake Dario akafungua ya kwake Detroit, ng'ambo ya mto upande wa Marekani, mwaka 1984. Alimwoa Loretta tarehe 5 Juni 1976, wakajaliwa mabinti wawili, Ivana na Paola, ambao harufu ya mafuta ya mashine hawakuitaka hata kidogo.

Mwaka 2021 mteja mkubwa aliyekuwa akiwalisha ndugu wote wawili alifunga kiwanda, nao wakaelemewa na madeni. Dario alikwenda mahakamani kule Marekani, akaachwa aendelee kuiongoza karakana yake, wadai wakaukataa mpango wake wa kulipa, lakini jaji akaupima, akaona una haki, akaupitisha hivyo hivyo. Ermes akaomba nakala ya mpango ule, akabadilisha majina. Norma alimwambia, "Wewe, sheria za kule si za hapa, muulize msimamizi wa ufilisi," naye akajibu, "Dada, mto wenyewe unavukwa kwa dakika tano, sheria itabadilika njiani?"

Tarehe 9 Novemba 2021 wadai walikutana hapa mjini kuupigia kura mpango huo, Ermes akasimama akawaambia, "Nilicho nacho ndicho hicho, kataeni mkitaka," akidhani nyuma yao yupo jaji kama wa Dario. Bepi Zuliani, muuza chuma wake na mwenzake wa mchezo wa kuviringisha tufe kila Jumapili, ambaye alichomdai yeye peke yake kilipita theluthi ya madeni yote, akapiga kura ya hapana, na hapa kwetu mpango hupita kwa theluthi mbili ya madeni, hapana kama hiyo haina jaji wa kuipindua, mtu anakuwa mufilisi pale pale alipokaa. Bepi alishika kofia yake, akasema, "Jamani, nilitaka aongeze kidogo tu," Norma akamjibu, "Basi muombe msimamizi airudishe saa nyuma."

Kufuli za karakana zilibadilishwa siku hiyo hiyo, kila kitu kikaandikwa, hata birika la kahawa, nambari 212 kwenye orodha, kwa hiyo anayejua kilichovushwa atuonyeshe nambari yake. Dario alimwambia, "Kaka, njoo kwangu, mashine ipo," Ermes akasema, "Nije nikuombe ruhusa ya kwenda chooni? Niache, mdogo wangu," na mto hakuuvuka tena.

Moyo ulianza kumsumbua Februari 2023, akalazwa mara tatu, akafariki tarehe 21 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na miwili, Loretta akiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika polenta, ule ugali wa kwetu Italia, siku nne mfululizo, mafundi wake wa zamani waliobeba jeneza, na Bepi Zuliani kwa maua, yamepokelewa, yako pale karibu na mlango.

Pumzika kwa amani, Ermes, hukuiba, ulikosea upande wa mto tu. Mwenye neno lingine juu yake aliseme sasa, Ermes akiwa bado hapa mbele yenu, maana Norma anakunja karatasi yake, anatoka, na mlango anaufunga yeye.