Paa la Wodi ya Wazazi, Marani
Marani, 1976

Mgeni rasmi, Bwana Mhandisi wa Mkoa. Wachungaji na mapadri, wazee wetu, akina mama na wageni wote:

KARIBU MARANI

Sisi akina mama na mafundi wa harambee ya zahanati tunakushukuru kwa kupanda mlima huu na matope haya. Wengi wanaotuahidi hugeuza gari pale Mosocho. Wewe umefika, kwa hiyo tutasema wazi.

TULIKOANZIA

Mwaka juzi Mong'ina, mke wa Machogu, alishikwa na uchungu mvua ikinyesha. Tulimbeba kwa machela kuelekea hospitali ya Kisii. Mtoto alizaliwa njiani. Hakulia. Mong'ina ameketi hapo mbele yako, na leo ndiye mwenyekiti wetu.

Mama Nyanchama, mjane wa Onsongo, alitupa kiwanja. Ni chembamba juu na kipana chini, na pembeni pana kaburi la mumewe. Ramani tuliyoletewa ilikuwa ya nyumba ya kawaida ya pembe nne, na ukuta wake ulipita juu ya kaburi. Tukaambiwa kaburi lihamishwe. Mama Nyanchama akajibu, "Mume wangu nilimzika mara moja."

Hatukumwuliza tena. Tuliupinda ukuta.

TULICHOFANYA

Ukuta ukipinda, kila kenchi inayobeba mabati huwa na kipimo chake. Fundi wetu mkuu, Bwana Otiende, aliyetoka upande wa ziwa akaoa na kukaa hapa, alisema tukibahatisha tutamaliza mbao zote. Ndipo Kemuma, binti wa Mama Nyanchama, anayesoma hesabu Nairobi, akaomba ruhusa ya kutumia kompyuta ya chuo. Mashine ile ilikuwa na hesabu za paa la kawaida tu. Kemuma akaiandikia maagizo yake mwenyewe, hatua kwa hatua, kwenye kadi za kutobolewa: ikipewa vipimo vya ukuta, itoe urefu wa kila ubao na mahali pa kuukata.

Kenchi za kwanza hazikukutana kileleni. Otiende, ambaye humwita Kemuma Mwalimu, akampigia simu kutoka posta ya Kisii.

"Mwalimu, mbao zimekataa."

"Ukuta mmeujenga kama nilivyouchora?"

"Tuliusogeza kidogo kukwepa mwamba."

Kemuma akasema, "Basi nakuja kuupima mwenyewe."

Alikuja kwa basi, akapima ukuta uliosimama, si ule wa kwenye karatasi. Hakuhitaji kuanza upya. Maagizo yalibaki yale yale. Aliporudi chuoni alibadilisha vipimo tu, na mashine ikatoa hesabu mpya za kenchi zote. Siku ya kupandisha, Otiende aliteremsha ubao wa juu kabisa, ukakaa mahali pake bila hata kugongwa. Tulipiga vigelegele hadi watu wakaja mbio kutoka sokoni.

KILICHOTUKWAMISHA

Wodi ina vitanda na maji. Ina mkunga, Dada Eucabeth. Haina kibali, na mlango wake umefungwa kwa kufuli. Tumeambiwa paa hili halimo katika ramani zilizoidhinishwa, na kwamba hesabu ya mashine haiwezi kuchukua nafasi ya sahihi ya mhandisi. Hilo la pili tunalikubali. Paa likianguka litawaangukia watoto wetu, ndiyo sababu hatukuvunja kufuli, ingawa wapo waliotaka.

Lakini wiki iliyopita Nereah, mke wa Otiende, alijifungulia nje ya mlango huo uliofungwa. Yeye na mtoto ni wazima. Atakayefuata hatumjui.

OMBI LETU

Hatuombi paa hili lisifiwe. Tunaomba likaguliwe. Kemuma yupo, na hesabu zake anazo. Mwulize lolote, tena kwa ukali. Ukiona ubao dhaifu, utaje, tutaung'oa leo hii. Usipouona, tia sahihi hapa hapa kabla hujaondoka. Ukuta hatutaunyoosha.

Na kwa kuwa tunakuomba uingie chini ya paa ambalo bado hakuna ofisi iliyolikubali, sisi tutatangulia. Tutaingia sote, Mong'ina akiwa mbele, nawe ulikague tukiwa ndani.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na mchana huu akupe macho makali.

Ni sisi,
Kikundi cha Harambee ya Wodi ya Wazazi, Marani

Imesomwa kwa niaba yao na Nyanchera, katibu.